Tuta Nililomwachia Mwenzangu

Siku ya kwanza kazini sikuruhusiwa kugusa greda. Msimamizi wa barabara, mzee wa Kigogo aliyevaa kofia ya sufu hata kwenye jua la saa saba, alinitembeza nyuma ya mashine kutwa nzima nikiokota mawe. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na nilijiona msomi.

"Shikamoo mzee. Nitaendesha lini?"

"Marahaba. Ukishajua barabara inauma wapi."

Vijana wanaoona magreda ya leo yenye kiyoyozi wajue kwamba letu lilikuwa wazi. Kazi yake ni kukwangua barabara ya changarawe kwa kisu, yaani bamba refu la chuma lililo chini ya tumbo lake, ili katikati pabaki mwinuko na maji yateremkie mitaroni. Udongo uliokwanguliwa hulala kama tuta refu, kisha husambazwa. Kisu dereva hakioni vizuri, hukisikia makalioni. Kikitetemeka, umekata kina kikubwa mno, na utaacha mawimbi yanayotikisa magari mpaka abiria wagombane.

Na dereva humaliza tuta lake mwenyewe. Kumwachia mwenzako lilikuwa jambo la kuchekwa na kambi nzima.

Nilipenda maisha hayo. Msimu mmoja Mpwapwa, mwingine Kondoa, kambi ikihama nami nahama. Nikikaa sana mahali pamoja, nyayo zilianza kuniwasha.

Kisha kiuno kikaanza kuuma, yakafuata mabega, halafu mwili mzima, pamoja na uchovu ambao usingizi haukuutoa. Hospitali walinipiga picha, wakasema mifupa ni mizima. Nilimeza vidonge mpaka tumbo likaharibika. Mpwapwa niliombewa, nikacheza kwa furaha. Kesho yake nikashindwa kuinama kufunga kamba za viatu. Kondoa mzee mmoja aliniumika kwa pembe, akaninyonya damu mgongoni, na nafuu ikakaa mpaka magharibi. Mganga mwingine alinichanja chale, akasema nimetupiwa kitu na mtu mwenye wivu.

"Wivu wa nini?" dada yangu alicheka. "Wa kula vumbi?"

Dada huyo analima zabibu Hombolo, na ndiye aliyenipokea nilipopewa likizo ya ugonjwa. Siku nilizojisikia vizuri nilipogoa mizabibu mpaka jua lizame, nifidie siku zilizopotea. Baada ya hapo nililala siku kadhaa, hata kikombe nikikiona kizito.

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo, binti wa umri wa mwanangu, ndiye aliyeniuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza.

"Baba, huwa unaacha kazi wakati gani?"

"Ikiisha. Au nikianguka."

"Anza kuacha ukiwa bado unaweza."

"Niache tuta katikati?"

Ilibidi nimweleze tuta ni nini. "Ndiyo," akasema, "hilo hilo. Liache."

Alinieleza kwamba maumivu yangu ni ya kweli hata kama picha haionyeshi kitu. Mwili umekuwa kama mlinzi anayepiga filimbi kila jani likianguka. Tukaanza na matembezi mafupi kuelekea bwawani, kiasi kilekile siku nzuri na siku mbaya, tukiongeza polepole. Zabibu zilivunwa, zikavunwa tena. Siku mbaya zikapungua, ingawa hazikwisha. Sidai kwamba njia yangu itamfaa kila mgonjwa.

Nikarudi kazini kwa majaribio: asubuhi mimi, mchana mwenzangu. Msimamizi wangu alikuwa ameshastaafu, na mkuu wa kambi alikuwa mhandisi kijana. Siku moja kisu kilitulia, mgongo ukawa kimya, nikawa kama zamani. Zamu yangu ikaisha tuta likiwa limebaki kipande kifupi.

"Malizia tu, mzee," mhandisi aliita. "Si umeshafika?"

"Leo unaniachia makombo?" mwenzangu akanitania, na vibarua wakacheka.

Mikono ilitaka kuendelea. Nilijua nikimaliza kipande kile nitamaliza na cha kesho, na nitarudi kulala nyumbani kwa dada. Nikainua kisu, nikashuka.

"Makombo ni yako," nikamwambia. "Kula taratibu."

Mkataba haukuongezwa, walihitaji dereva wa kutwa, na siwalaumu. Nimestaafu kabla mvi hazijajaa. Bado nazunguka, kwa basi na kwa miguu, nikitazama barabara tulizokwangua. Nyingine siku hizi zina lami na hazina haja nami. Greda likipita nasimama mpaka vumbi litue.

Lakini asubuhi iliyofuata siku ile niliyoliacha tuta, niliamka, nikaketi ukingoni mwa kitanda, nikainama, nikafunga kamba za viatu vyote viwili.