Lebo Aliyoibandua Nyambura

Iko siku moja ya zamani hunijia nikiota jua hapa Kinoo, mwanangu. Mama yangu alikuwa amepika uji wa kuchacha wa harusi ya jirani. Kwetu mpishi ndiye hunywa kwanza, mbele ya wageni, ndipo wengine wapewe. Siku hiyo jino lilikuwa linamuuma, shavu limevimba kama ameficha kiazi, na bado alikunywa. Mimi nikacheka. Shangazi akanifinya sikio: "Nyamaza! Unataka watu wanywe kitu ambacho mpishi mwenyewe hakijui?" Mpaka leo hilo sikio ni refu kuliko lenzake. Haya, nimeshaanza kupotea.

Nilitaka kusema juu ya binti yangu Nyambura. Yeye hutengeneza losheni ya avokado na alovera nyuma ya nyumba yangu, katika chumba ambacho hata mimi baba yake siingii na viatu. Kwenye lebo aliandika kwa herufi kubwa: haina dawa ya kuhifadhi. Wateja waliipendea hiyo. Ndipo akatokea bwana mmoja mwenye duka kubwa Adams Arcade, kule Nairobi, akataka mzigo wote, mradi upimwe maabara kwanza. Nyambura alikuwa hajawahi kutafutwa na duka kubwa. Usingizi ulimtoka kwa furaha.

Tukapeleka chupa mjini. Mimi kusikia maabara nikakunja mkono wa shati, nikidhani ni mambo ya damu. Msichana wa koti jeupe akacheka, akaniita babu kwa Kikuyu: "Guka, leo tunapima losheni, si wewe."

Majibu yakaja: dawa ya kuhifadhi imo. Kiasi chake kinaruhusiwa, lakini imo. Nyambura akashika kichwa, maana hajawahi kuitia. Akauliza huku na huku. Kumbe ile alovera anayonunua kwa mitungi huja ikiwa imeshatiwa dawa, isiharibike njiani.

Yule bwana alipokuja kuchukua mzigo, alimkuta ameketi mezani anabandua lebo.

"Sasa madam, hii ni nini? Si wamesema ni salama?"

"Ni salama. Lakini iko na dawa, na hapa nimeandika haina."

"Wacha tu! Hayo maneno ndiyo yanauza. Nani atajua?"

"Mimi najua. Na kuna mama ana mtoto wa ngozi ya kuwasha, yeye husoma hapa kwanza."

"Bila hiyo lebo sichukui. Utazeeka ukiuzia watu wa Kinoo."

"Watu wa Kinoo pia wako na ngozi."

Mwanangu, mimi sikusoma sana, lakini hapo nilijisikia mrefu kuliko gorofa zote za Kileleshwa. Nilitamani majirani wawe dirishani.

Basi nisikie. Ukitengeneza kitu cha watu, kijue mpaka ndani, hata kile ulichonunua kimeshachanganywa na wengine. Kikipimwa na majibu yakakukataa, badilisha maneno yako, usiwabadilishie watu ukweli. Mungu akupe mikono safi, na akupe mtoto wa kukufanya utembee kifua mbele kama mimi.

Nyambura akabandua nyingine. Yule bwana akamtazama, akachukua funguo za gari mezani, akatoka bila kuaga. Hajarudi.