Kadi ya Argoni

Saa moja na dakika ishirini asubuhi. Ummukulthum Sufian anabandua lebo iliyofifia kwenye chupa, katika maabara ya shule moja ya sekondari huko Walthamstow, London. Anaandika mpya kwa mkono: K. Chini yake, potasiamu.

"Chupa yenye lebo ya uongo ni hatari kuliko isiyo na lebo," anasema.

Ana miaka hamsini na tisa, na ni fundi wa maabara kwa mwaka wa kumi na nne. Kemia alifundishwa na mumewe, Talib, aliyekuwa akisomesha Wete, Pemba. Walifika Uingereza mwaka 2001. Vyeti vya Talib havikukubaliwa. Alipanga mizigo katika ghala huko Hayes miaka kumi na tisa, na hakusimama tena mbele ya darasa.

Februari mwaka jana alipata kiharusi. Maneno yakampotea. Kadi za picha alizopewa hospitalini ili aonyeshe anachotaka alizisukuma pembeni, kama mtu mzima aliyepewa kitabu cha chekechea. Siku moja mkewe akamwandikia H₂O kwenye lebo ya maabara. Talib akaishika, akaelekeza kidole kwenye bilauri.

Zikafuata nyingine. Kadi ya Na, kutoka natrium, jina la Kilatini la sodiamu, ikawa chumvi. O, oksijeni, dirisha lifunguliwe. Hg, zebaki ya kipimajoto, ikawa homa.

"Fe, chuma, ni magoti yake," anasema Ummukulthum. "Yameshika kutu."

Ar, Talib alijichagulia mwenyewe. Argoni, gesi ya kundi la kumi na nane, ilipewa jina kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya mvivu, kwa kuwa haikuonekana kuungana na elementi yoyote. Darasani Talib aliwaita hivyo wanafunzi wazembe: "Weye Argoni, simama!"

Mwezi Januari, Ummukulthum aliumia mgongo akimnyanyua kitandani. Talib aliona. Alhamisi iliyofuata alikuja Seema, ofisa wa ustawi wa jamii, kumwuliza mgonjwa mwenyewe: abaki nyumbani au aende makao ya kulelea wagonjwa? Ummukulthum alitaka abaki.

Seema aliweka mezani picha mbili, ya nyumba na ya makao. Talib alichambua kadi zake, akatoa Ar, akaibandika kifuani. Kisha akaweka kidole juu ya picha ya makao.

"Ana maana gani?" Seema aliuliza.

"Ningeweza kusema amechanganyikiwa," anakumbuka Ummukulthum. "Nani angejua?"

Alijibu: "Anasema asiunganishwe nami tena. Anataka kwenda." Halafu akamgeukia mumewe. "Mwalimu, umenionea."

Talib alihamishwa Jumamosi ya wiki iliyofuata. Mkewe ameomba kupunguziwa kazi hadi siku tatu kwa wiki, na binti yao, Afnan, amekubali kurudi kuishi nyumbani.

"Nitamwuliza tena Aprili kama atarudi," anasema. "Akikataa, nitaandika alichosema."

Jumapili alimpelekea kadi mpya: HArF. Mwaka 2000 wanasayansi wa Helsinki waliifanya argoni iungane na hidrojeni na florini, katika baridi isiyo na mfano. Talib wakati huo alikuwa akijiandaa kuondoka Pemba. Habari hiyo haikumfikia.

"Hata Argoni huungana, Mwalimu," alimwambia. "Ila kwa baridi kali. Na baridi hapa London tunayo."

Talib aliisoma kadi. Akatoa Ar mfukoni mwa shati, akampa mkewe, akaitia HArF mahali pake.