Klori kwenye Maji ya Fisi Maji

Nyavu za jirani yetu zilikutwa zimetoboka, samaki wameliwa nusu. Watu wa ufukweni wakasema ni tonton, ndugu mdogo wa mama, kwa sababu alikuwa amegombana na jirani huyo. Mkubwa wa wavuvi akamkataza kuingia ziwani mpaka ukweli ujulikane. Nyumbani tulikuwa tunakula kwa pirogi yake, mtumbwi wake wa kuvulia.

Tonton alisema ni fisi maji. Lakini nani amemwona? Mnyama huyo mla samaki hujificha sana.

Ndipo akaja mtafiti mmoja, mwanamke, akiwatafuta fisi maji hao hao. Alitueleza kwamba kila mnyama anayeogelea huacha majini vipande vidogo vya ngozi na mate, na maabara inavitambua. Baharini wenzake huwapata hivyo hivyo nyangumi wasioonekana.

Nilimpeleka kwa kasia hadi kwenye nyavu. Alichota maji akiwa amevaa glavu, hakutaka hata nikohoe karibu na chupa. Tuliporudi akabaki kukusanya vitu vyake, mimi nikapanda kutoka ufukweni na chupa.

Njiani alisimama maman wa klori, mama anayetia dawa kwenye maji ya watu kwa bomba la sindano. Tangu kolera, yaani kipindupindu, ianze, hakuna maji yanayotoka ziwani bila kupita mkononi mwake.

“Maman, hii si ya kunywa,” nilisema.

“Kila mutu anasemaka vile. Kesho mutoto wake anahara.”

Nilirudia. Sauti yangu haifiki mbali. Alishafungua vifuniko, akaweka klori, akaongeza kidogo kwa kuwa maji yalikuwa na tope.

Mtafiti alinusa chupa, akakaa juu ya jiwe. Klori inaua kolera, na inaharibu pia zile alama zote za wanyama. Tukarudi ziwani kuchota upya, jua kali, mikono yangu imechubuka.

Maman alikuwa bado anatungoja. Mtafiti alimweleza kwa Kifaransa, kwa Kiswahili, tena kwa Kifaransa. Bure. Mwishowe tonton, aliyekuwa akitusubiri ufukweni, akajaza maji bidoni ya njano, dumu letu la nyumbani, akamwekea mbele. Maman akaitilia klori, akaridhika, na sisi tukapita na chupa zetu.

Majibu ya maabara yalikawia. Yalipofika, fisi maji alikuwemo. Jirani alisikiliza mpaka mwisho.

“Sawa, maji inasema alipita. Inasema alikula?”

Mkubwa wa wavuvi alichoka naye, akamrudisha tonton ziwani. Jirani akahamishia nyavu zake kando ya zetu ili atuchunge. Haikupita muda, zote zikatobolewa, zake na zetu.

Jirani alikuja kupima matundu kwa vidole. Akasema yetu ni madogo kuliko yake.