Kinyozi Asiyeuliza

Mtaani kila mtu alimjua kinyozi kwa jambo moja: hakuwa mtu wa kuuliza. Ukikaa kwenye kiti chake alikufunga kitambaa shingoni, akakulaza kichwa nyuma, akakupaka povu, na kuanzia hapo maneno yalikuwa yako. Aliyetaka kulala alilala. Aliyetaka kusema alisema, na wengi walisema, kwa sababu mtu aliyefumba macho na kumkabidhi mwenzake koo lake huona hana tena cha kuficha. Kinyozi aliitikia "eeh," akafuta wembe, akaendelea. Jioni alizoa nywele na maneno pamoja, akatupa.

Fundi viatu, ambaye kibanda chake kilipakana na duka hilo, alimwita Bwana Kimya. Walikuwa marafiki tangu ujana, ingawa huyu wa pili mdomo wake haukujua kupumzika. Alipenda kusema kwamba rafiki yake angezaliwa jiwe, ila mawe yalimkataa, yakasema huyu katuzidi. Kila Jumamosi asubuhi, kabla hawajafungua kazi, alikaa kwenye kile kiti akanyolewa bure, naye akashona bure viatu vya nyumba ya kinyozi.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya watu wawili, kinyozi na binti yake. Mama mtu alifariki mtoto akiwa bado wa kubebwa. Binti alisoma mpaka chuo, akajifunza kompyuta, kisha akakaa nyumbani bila kazi mpaka akaanza kuona haya kuomba nauli.

Siku moja alirudi uso umemchangamka. Alikuwa amekwenda chuoni kufuata cheti chake, akakuta wageni wamewakusanya vijana ukumbini kuwaeleza kazi za usalama wa taifa. Kumbe si bunduki tu. Wako wanaolinda mitambo isiingiliwe, wanaochambua taarifa, wanaokaa mipakani kukagua mizigo, wanaosikiliza lugha za watu, hata wahasibu na wapishi. Alizipanga kazi hizo moja moja huku akisuuza vyombo, akazipima kama mtu anayechagua kitambaa cha nguo. Mpakani ni mbali. Lugha hana. Kompyuta, hiyo ndiyo yake.

Kinyozi alifuta sahani akasikiliza. Jengo la watu hao wa usalama, lile la karibu na posta lenye madirisha yasiyofunguliwa, kila alipolifikia alivuka barabara. Lakini angesemaje, wakati mtoto anacheka kwa mara ya kwanza baada ya mwaka mzima?

Binti aliomba, akaitwa, akahojiwa. Aliporudi alimsimulia baba yake kila kitu, kisha akajiziba mdomo kwa mkono.

"Wamesema nisimwambie mtu," alisema. "Lakini wewe si mtu, wewe ni baba."

Wakacheka wote wawili.

Haukupita muda, mteja mpya akaanza kuja dukani. Alikuwa mtu wa makamo, shati limenyooshwa, viatu havina vumbi. Alikaa, akanyolewa, akalipa, akaondoka, wala hakusema zaidi ya salamu. Hakusinzia pia. Kila kinyozi alipoinua macho kwenye kioo, alikuta ya mwenzake yako wazi, yanamtazama. Fundi viatu alimwona akipita, akasema ndevu za bwana yule zinaota kwa ratiba ya serikali. Kinyozi hakucheka. Aliona wazi kwamba mtu huyo amekuja kumchunguza binti yake, kujua ametoka nyumba ya namna gani.

Hapo ndipo alipokosea. Siku zote ukimya ulikuwa umemlinda, lakini sasa aliogopa usije ukamponza mtoto, akaonekana ametoka kwa watu wasioeleweka. Akapiga moyo konde. Mteja alipokuja tena, akamfunika uso kwa taulo la moto, na kwa kuwa yale macho hayakumwona, ulimi ukapata nguvu.

"Binti yangu ni mtu wa kutunza siri, bwana," alisema.

Taulo lilitulia.

"Siri gani?"

"Hii ya kazi yenu."

Maji yalichuruzika kutoka kwenye taulo mpaka kwenye kitambaa, yakadondoka sakafuni. Kisha akalitoa taulo mwenyewe, akalikunja vizuri, akaliweka mapajani.

Hakukasirika, na hilo ndilo lililomtisha kinyozi zaidi. Alieleza kwa upole kwamba binti ameshindwa, maana jaribio lake lilikuwa hilo hilo moja, kunyamaza, naye hakulimudu hata mpaka chakula cha jioni. Ni hasara, kwa sababu kichwa anacho. Lakini kosa la namna hiyo huweza kusahauliwa, kama nyumba yenyewe itatoa msaada mwingine. Kazi za usalama ni nyingi, mzee. Nyingine hazihitaji chuo. Nyingine ni kiti tu.

Akamtaja fundi viatu. Yeye ana mdogo wake, dereva wa lori, mmoja wa wale waliofunga barabara kuu wakidai haki zao, na tangu siku ile haonekani. Kaka mtu lazima anajua alipo.

"Wewe nyoa tu kama kawaida," alisema. "Mimi Jumamosi nitapita."

Siku zilizofuata kinyozi alikula bila kujua anakula nini. Binti alikuwa amepigiwa simu, akaambiwa mambo yake yanakwenda vizuri, asubiri. Alinunua sketi ya heshima, akamwomba fundi viatu ambandikie soli mpya. Fundi alizibandika, akang'arisha na ngozi, akakataa malipo, akasema viatu hivi vikifika ofisini visitusahau.

Jumamosi alikaa kitini kama kawaida, akaanza kumsema mkewe, mvua na bei ya gundi. Kinyozi alimnyoa shavu la kulia, akingoja rafiki yake alitaje lile jambo mwenyewe. Hakulitaja. Kwa mambo yote yaliyopita mdomoni mwake, hilo moja alilizunguka. Kinyozi akafuta wembe. Akaweka mkono begani kwa mwenzake.

"Mdogo wako je," akasema, "hajambo huko aliko?"

Fundi viatu akafumbua macho. Akamtazama kwenye kioo, kama anayetazama mgeni aliyesimama nyuma yake.

"Miaka yote hii," alisema taratibu, "hujawahi kuniuliza hata kama nimekula."

"Nimeuliza tu, ndugu yangu."

"Ndiyo. Umeuliza."

Akauondoa ule mkono begani pake, bila ubaya, kama mtu anayeweka pembeni kikombe kisicho chake. Akafungua kitambaa shingoni. Akatoka na povu kwenye shavu moja, akilifuta kwa mkono wa shati, akapita kibanda chake bila kukifungua, akashika njia ya darajani, mwendo wa haraka.

Kinyozi alikuwa bado amesimama na wembe mkononi mteja wa shati lililonyooshwa alipoingia. Alitazama kile kiti, kisha povu lililodondoka sakafuni.

"Kumbe anajua alipo," alisema. "Amekwenda kumtoa mdogo wake huko."

Akatoa simu, akapiga, kisha akaiziba kwa kiganja.

"Vijana wangu wako darajani, lakini sura yake hawaijui. Umemnyoa upande gani?"

Nje alisikika binti akija, viatu vyake vya soli mpya vikigonga lami, akimletea baba yake chai.

"Wa kulia," alisema kinyozi.