Posa ya Nahashon na Kisima Kilichofungwa

Nahashon Musembi, fundi wa pampu zetu hapa Vitengeni, alizaliwa Machakos. Sisi tulimchukua, na sijui kwa nini watu wa kwao hawajaja kumdai mpaka leo. Aliletwa mwaka wa 1986 na kampuni iliyokuwa ikitafuta gesi, nami nilikuwa mpishi wa kambi yao. Kazi yake ilikuwa kusoma presha ya kisima, na aliipenda kupita kiasi. Ukimuuliza habari za asubuhi, alikupa habari za jiwe la chini ya kisima.

Jiwe lenyewe lilikuwa bahili. Gesi ilikuwamo, ila ilipenya polepole mno. Basi waliiacha itoke kidogo, wakafunga vali, wakangoja presha ipande tena kule chini huku geji ikichora mstari. Nahashon alitueleza, hata tusipouliza, kwamba mwanzoni mstari ule huonyesha bomba likijaa tu, na anayeusoma mapema anajidanganya. Tabia ya jiwe huonekana baada ya majuma mengi. Kwa hiyo vali haikuguswa na mtu.

Wakati huo alikuwa amemposa Kadii, binti wa Mzee Baya. Kadii alikuwa amekwisha kukubali. Aliyekwamisha posa ni baba mtu. Baya hakujali kwamba Nahashon ni Mkamba, tena mlokole. Alichokataa ni watu wa kambi, wanaong'oa mahema na kutokomea na binti za watu. Hata hivyo alikuja na ndugu zake kuona makao ya mchumba, kama desturi itakavyo. Makao yalikuwa hema moja na kisima kilichofungwa.

Wageni walikaa juu ya masanduku ya vipuri, wakanywa chai yangu, wakalitazama bomba. Bomba halikufanya kitu. Baya akauliza, kwa upole unaouma, kama kazi ya kijana huyu ni kulinda chuma. Hapo Nahashon, pamoja na akili zake zote, akachanganyikiwa. Hakuweza kumwacha baba wa Kadii arudi nyumbani bila kuonyeshwa kitu. Akafungua vali, akawasha. Moto ukaruka kutoka bomba la pembeni hadi ndugu zake Baya wakasimama, kisha kidogo kidogo ukanywea, ukawa kama wa kibatari. Akafunga upesi. Baya alisema moto ni mzuri, lakini hema bado ni hema.

Bwana Thuku, mkubwa wao, alipofika kutoka Nairobi, aliukagua mstari. Ulikuwa umepanda kwa adabu, ukaporomoka, ukaanza kupanda upya. Akaamua kwamba gesi imepata upenyo wa kuvujia ardhini: kisima kizibwe kwa saruji, kambi ihamie Turkana. Nahashon angenyamaza, angebaki na kazi, angehama na kambi na kumkosa Kadii. Angesema kweli, angekosa kazi, maana Thuku hakuwa mtu wa kusamehe, na mchumba asiye na kazi ataozwa na nani? Nadhani angevumilia kusingiziwa yeye, lakini si jiwe.

"Jiwe halina kosa, mzee," alisema. "Ni mimi. Nilifungua vali ili wakwe waone moto."

Thuku aliifuta amri ya saruji, akamfuta kazi Nahashon hapo hapo. Kipimo kikaanza upya bila yeye.

Jioni ile alibeba sanduku lake hadi kwa Baya kuaga, kwa kuwa hakutaka kuondoka kama mwizi. Nilimfuata kwa umbea, sikatai. Alieleza yote: vali, hema lililochukuliwa, mshahara uliokatika. Nilimhurumia sana, kwani nilimpenda kijana yule. Baya alisikiliza akitafuna tumbaku yake.

"Sasa wahamia wapi?" aliuliza.

"Sina pa kwenda, baba."

Baya akamwita Kadii alete kiti.

"Basi weka sanduku chini," alisema. "Mimi nilikuwa nakataa kuhama kwako tu."