Jini wa Upande wa Mama

Nilipokuwa mtoto, pale kwetu Kariakoo, jini alitajwa kama anavyotajwa ndugu aliye safarini. Bibi mzaa mama alisema ni wa ukoo wetu. Alianza kwa mama yake bibi, akahamia kwa kaka yake bibi, ambaye siku moja aligawa mbuzi wake wote kisha akajilaza miezi mizima bila kusema na mtu, mpaka akafa. Baada ya hapo, kwa maneno ya bibi, jini akawa anatafuta mtu mwingine wa kumkalia. Nilipoanza shule alikuwa ameshampata mama mdogo Mwanaidi.

Mama mdogo alikuwa fundi cherehani, akishona barazani kwenye duka la nguo la Wahindi kule Mchafukoge. Alikuwa na mikono myepesi na kicheko cha kusikika ng'ambo ya barabara. Lakini kulikuwa na vipindi ambapo hakulala kabisa. Alisema upesi mpaka maneno yakagongana, akamwahidi kila jirani gauni, akaosha upya vyombo vilivyokwisha oshwa huku akiimba. Kisha akazimika. Akageukia ukuta, hali, haogi, bibi akimbembeleza kwa uji kama mtoto mchanga. Sisi watoto tulikatazwa kukalia kitanda chake, jini asije akatuzoea.

Aliyempeleka hospitali ni Bi Kamala, mke wa mwenye duka. Alikuja mwenyewe nyumbani, akakaa nasi mkekani.

"Mama, kaka yangu alikuwa hivi hivi," alimwambia bibi. "Na baba yetu kabla yake."

Bibi akashangaa. "Kumbe na nyinyi mna jini?"

"Sisi tulisema ni nyota mbaya. Daktari akasema ni ugonjwa, akampa dawa. Sasa yuko kazini."

Bibi alikubali shingo upande. Mama mdogo akaanza vidonge, na polepole akarudi kuwa yule tuliyemjua. Alishona, alilala, alinichapa nilipostahili. Ikafika siku akapata mchumba, Salehe, mfanyakazi wa pantoni pale Magogoni, mtu mpole asiyejua kuongea mbele za watu. Posa ikapokewa, harusi ikapangwa.

Hapo ndipo bibi alipoingiwa na hofu. Alisema jini hapendi kupigwa vita kwa dawa za hospitali, na binti akiolewa kabla jini hajaombwa radhi, atalipiza. Akamwita mganga kutoka Kigamboni. Alasiri moja uani kwetu ukafukizwa ubani, mama mdogo akafunikwa shuka nyekundu, ngoma zikapigwa. Nakumbuka alivyoniangalia kutoka chini ya ile shuka, kwa aibu, kama mtu aliyekutwa anaoga. Mganga akamuuliza jini anataka nini, halafu akajibu mwenyewe: vidonge vitoke.

"Mama, vinanisaidia," mama mdogo alisema.

"Nisikilize, mwanangu. Nimemzika kaka yangu. Nikuzike na wewe?"

Vidonge vikamwagwa chooni. Bibi alilia akivimwaga. Simsingizii, alilia kweli.

Wiki zikapita, macho ya mama mdogo yakaanza kung'aa. Siku hizo kitambaa kilipatikana kwa foleni, na kile kidogo kilichofika dukani kilikuwa na wenyewe waliokisubiri kwa muda mrefu. Akakata jora zima. Akajishonea gauni la harusi lenye mkia wa kuburuza, vipande vilivyobaki akawapa watoto wa mtaa wafanye bendera. Mchana wa jua kali akalivaa, akaenda kwa miguu mpaka kwa kina Salehe, Magomeni, harusi yenyewe ikiwa bado mbali. Watoto tulimfuata tukishangilia. Mimi nilidhani kweli ni sherehe.

Mama yake Salehe hakumfokea. Alimwingiza ndani, akampa maji, akamfuta jasho, kisha akamrudisha mwenyewe nyumbani. Alizungumza na bibi barazani.

"Binti yako nampenda. Lakini wenyewe mnasema kitu hiki kinatembea katika ukoo. Wajukuu zangu watakuwaje?"

Maneno yale yalikuwa ya bibi mwenyewe. Mgeni alipoondoka ndipo akatugeukia: "Mmeona? Nilisema atalipiza."

Mtaa mzima ukakubali kwamba bibi alionya na onyo likatimia. Vile vidonge hakuna aliyevitaja. Baadaye Bi Kamala na mumewe walifunga duka wakahama nchi, na kwetu hakubaki mtu wa kuzungumzia hospitali. Mama mdogo aliishi chumba cha uani mpaka nywele zikawa nyeupe, mara amepanda, mara amezama, na kila mara akaletewa mganga wake. Hakuolewa.

Miaka mingi baadaye binti yangu, akiwa chuoni, aliacha kulala. Macho yale niliyatambua mara moja. Daktari aliniuliza kama kuna mwingine katika ukoo, nami nikawataja wote. Akanieleza kwamba hatukurithishana kitu kimoja. Ni tofauti ndogondogo nyingi sana ambazo wazazi hupitisha kwa watoto. Moja peke yake haifanyi kitu, ila zikikusanyika kwa mtu, uwezekano wa kuugua huongezeka.

"Wengi wanazirithi na hawaugui kamwe," alisema. "Na anayeugua anatibika, mama."

Nilitoka pale nikiwa na hasira na bibi, naye ameshalala kaburini. Alikuwa ameona jambo la kweli, kwamba kitu kile kilitembea katika damu yetu. Angeishia hapo. Lakini alikifanya kiumbe chenye kinyongo, na mtu akishaamini kwamba anadaiwa na mwenye kinyongo, humpa anachotaka. Yeye alimpa binti yake.

Binti yangu sasa anafundisha sekondari. Anakunywa dawa, anaugua mara mojamoja, anarudi kazini. Ana mume anayejua kila kitu. Watu huniambia nimshukuru Mungu, nami namshukuru. Lakini nikiwa kwake Jumapili, nikiwasikia wakibishana juu ya chumvi ya mchuzi, moyo hunichoma. Mama mdogo angeweza kupata siku kama hizi, zikamchosha, akazilalamikia kama watu wengine. Dawa alikuwa nayo mkononi.