Mkate Uliokandwa Kimya

Nilipokuwa mtoto kule Mukuru kwa Reuben, Jumamosi moja kila mwezi nyumba yetu ya mabati ilikuwa kimya ajabu. Kukhu, nyanya yangu, alikuwa akikanda mkate wa Meza ya Bwana. Kanisa letu dogo liliamini Mungu mwenyewe ndiye aliyeagiza: tangu unga uguse maji hadi mkate uive, mkandaji asifungue kinywa. Mkate ulioongelewa, walisema, humkwama mtu kooni pale mezani. Hilo nililiogopa kuliko mbwa wa jirani.

Na jamani, Kukhu alipenda kuongea! Aliweza kumsimamisha muuza mboga nusu saa nzima. Lakini siku ya mkate, ukibisha hodi, alikuonyesha kiti kwa kidole tu. Kazi hiyo aliingoja miaka mingi, na sheria ilikuwa wazi: ukikosea, unampa mwingine aproni.

Jumamosi ninayoikumbuka, askofu alikuwa anakuja kesho yake. Nilikuwa na miaka minane, mtundu kweli, nikicheza karibu na jiko la makaa nimejifunga leso ya Kukhu. Pindo likashika moto. Sikuona.

"Nekesa!"

Alinirukia, akauzima moto kwa mikono yake yenye unga. Sikuungua hata kidogo. Tukatazamana. Halafu akautazama unga kwenye karai, akakaa chini. Unga wa kanisa ulikuwa umeombewa, wa kukandwa mara moja tu.

"Kukhu, nani amesikia? Nyamaza tu," nilimwambia huku nikilia.

"Yule niliyekuwa nimemnyamazia amesikia."

Aliuoka mkate ule, tukaunywea chai jioni. Niliumeza kwa hofu, lakini ukashuka vizuri, maana haukuwa wa mezani tena.

Kesho yake alisimama mbele ya askofu na watu wote, sahani tupu mkononi. "Niliongea," akasema. "Leo hakuna mkate." Ai, minong'ono iliyozuka! Nikaropoka kwamba leso yangu ilikuwa imeshika moto. Mama mmoja akasema kwa sauti kwamba Kukhu angenivuta tu bila kutoa neno. Kukhu hakujitetea. Jioni alimpelekea mama yuyo huyo aproni, imefuliwa na kupigwa pasi, nami nilitamani ardhi inimeze.

Kwa miaka mingi nilijilaumu, na Mungu pia nilimkasirikia, sifichi. Siku hizi ninaishi Buruburu na nina binti wa umri ule ule. Kama ile sheria ilitoka mbinguni au kwa wazee wetu, sijui. Kukhu aliamini ni ya Mungu, basi hakumdanganya Mungu, hata pale ambapo hakuna jirani angejua.

Yule mama huenda alisema kweli. Ningeweza kuvutwa kimya. Nimejaribu kumwazia Kukhu akinivuta hivyo, nashindwa. Miaka yote ile ya kukanda alimnyima kila mtu neno, na mara moja tu lilipomtoka, lilikuwa jina langu.